Kompyuta Iliyotengwa

Siwapendi watu wa Tlawi, na ninaandika haya nikiwa bado ninaishi Tlawi. Najua sentensi hiyo si ya haki. Nimeifuta nikairudisha, nikaifuta tena. Labda niseme simpendi mtu mmoja wa Tlawi, na wengine siwapendi kwa sababu walicheka pamoja naye. Hata hivyo nikiwaza zaidi naona kwamba kucheka pamoja na mtu si kosa, maana mimi mwenyewe nilicheka siku ya kwanza, kabla sijaelewa kwamba kilichokuwa kinachekwa ni mimi.

Nilikwenda pale baada ya kukaa nyumbani Hanang muda mrefu na shahada yangu ya kompyuta ndani ya bahasha. Nyumbani ni tambarare, ni ng'ombe, na baba yangu alikuwa ameanza kuwauliza wageni kama wanajua shahada inatumika wapi. Nikasikia kwamba shule moja ya sekondari ya Tlawi, mlimani Mbulu, imepewa kompyuta na haina mwalimu wake. Mkuu wa shule alinipokea kwa maneno yasiyo na ubaya wowote: utajitolea kwanza, wadhibiti ubora wa elimu watakuja kukagua maabara, wakiikuta inafanya kazi kama inavyotakiwa, bodi itakupa mkataba. Wakiikuta haifanyi kazi, basi. Neno hilo "basi" nilikwenda nalo kitandani. Basi nini? Basi nitaendelea kujitolea, au basi nirudi nyumbani? Sikuuliza. Nilijua kwamba ni kurudi nyumbani.

Ufunguo wa maabara ulikuwa kwa mwalimu wa taaluma. Ni mtu mzima, mwalimu wa historia, mzee wa kanisa, mwenye koti zito la kahawia ambalo sijawahi kumwona amelivua, na kwa baridi ya Tlawi siwezi kumlaumu. Alikuwa amezifunika kompyuta zote kwa vitambaa vya kufumwa, kama makochi ya sebuleni. Nilimpa shikamoo. Aliniuliza natoka wapi, nikamwambia.

"Ahaa. Mang'ati." Hilo ni jina ambalo majirani hutuita sisi wafugaji wa tambarare; sisi wenyewe hatujiiti. Akawageukia walimu wenzake waliokuwepo. "Zamani walikuwa wanatuma vijana kuchukua ng'ombe. Siku hizi wanatuma msichana na cheti."

Wakacheka. Nami nikacheka. Watu wetu na watu wa mlimani wana utani wa zamani, na nilidhani ndio huo. Lakini utani una kurudishiana, mimi narusha na wewe unarusha, na kila nilipojaribu kurusha, yeye alikuwa ameshageukia madaftari yake.

Nilianza na kompyuta zenyewe, maana nyingi zilikuwa haziwaki. Zilikuwa zimekaa chini ya vitambaa katika ukungu wa mlimani kwa muda usiojulikana. Ukiwasha, feni inazunguka, kisha unasikia milio ya kulalamika na kioo kinabaki cheusi. Nilifungua boksi moja mbele ya wanafunzi wa kidato cha tatu nikawaonyesha vitu vilivyomo: ubao mkubwa ambao kila kitu kinakaa juu yake, prosesa chini ya feni inayofanya hesabu zote, diski inayotunza mambo hata umeme ukikatika, na kile kibao chembamba cha RAM kinachokumbuka tu wakati kompyuta iko macho. Nilichomoa RAM, nikasugua meno yake ya shaba kwa raba ya kufutia penseli mpaka yakang'aa, nikairudisha. Kompyuta ikawaka. Wanafunzi wakapiga makofi.

Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama mlangoni.

"Chuo kikuu wanafundisha kufuta kwa raba?" aliuliza.

"Ni unyevu, mwalimu. Meno yanashika kutu."

"Hata darasa la pili wanafuta kwa raba," akasema, akaondoka. Kutwa nzima niliwaza kama nilipaswa kutumia kitu chenye jina gumu zaidi.

Kisha nikaziunganisha. Nilinyoosha waya kutoka kila kompyuta hadi kwenye swichi, kile kiboksi chenye matundu mengi ambacho kazi yake ni kupokea ujumbe wa kompyuta moja na kuupeleka kwa ile inayohusika tu, si kwa zote. Kila ncha ya waya niliibana mwenyewe kwa koleo, nyuzi nane ndani ya kichwa kidogo cha plastiki kwa mpangilio wake: nyeupe ya chungwa, chungwa, nyeupe ya kijani, bluu, nyeupe ya bluu, kijani, nyeupe ya kahawia, kahawia. Ukikosea moja, waya umekufa. Kompyuta iliyokuwa na nguvu zaidi nikaifanya seva. Kazi za wanafunzi zote zilikaa kwenye seva, na mwanafunzi aliweza kuifungua kazi yake akiwa ameketi kwenye kompyuta yoyote. Hicho ndicho wadhibiti ubora walikuwa wanakuja kukitazama.

Asubuhi moja mwalimu wa taaluma alikuja na flashi yake, ratiba ya mitihani ikiwa ndani, akataka iwekwe kwenye seva ili walimu wote waione. Nilipaswa kuikagua kwanza. Lakini kumkagulia mzee flashi yake mbele ya wanafunzi ni kama kumnusa mgeni mdomo. Akaichomeka mwenyewe. Kabla ya chai ya saa nne, mafolda yote kwenye seva yalikuwa yamegeuka vialama vidogo vyenye mishale; ukibofya, hakifunguki kitu. Ni kirusi cha kawaida kabisa, kinazunguka kwenye flashi za nchi nzima. Nilichomoa waya wa seva kwenye swichi, nikatangaza kwamba hakuna flashi kuingia popote mpaka nisafishe. Sikusema imetoka wapi. Hakuna aliyeuliza.

Yeye ndiye aliyelichukua jambo hilo mikononi mwake, na hapo ndipo nilipoanza kuwaogopa watu hawa.

Mlimani, zamani, na kwa baadhi ya familia hata sasa, nyumba iliyopatwa na msiba wa aina fulani ilitengwa. Watu wake hawakuazimwa moto. Hawakunywesha mifugo pamoja na wengine, hawakwenda kwenye sherehe, na chombo walichokishika hakikushikwa na jirani, mpaka muda wake upite na mambo yasafishwe. Mwalimu wa taaluma aliiweka seva yangu katika hali hiyo hiyo. Niliporudi kutoka darasani nikakuta wameihamishia stoo, kwenye jengo la utawala, upande wa pili wa uwanja. Alikuwa amepeleka na kibodi yake, kipanya chake, waya wake wa umeme, meza yake na kiti alichokalia aliyeitumia. Juu ya boksi alikuwa ameweka flashi zote alizozikusanya kwa walimu. Ya kwake ilikuwa juu kabisa.

Hiyo flashi yake ilinikera kuliko vyote. Angeificha, ningemdharau, nikapumzika.

"Mwalimu," nilimwambia, "kuitoa kwenye mtandao ni sawa kabisa. Lakini kiti hakina shida."

"Nani alikikalia?"

"Kirusi hakikai kwenye kiti. Ni programu, ni maandishi tu. Kinahama kwa flashi au kwa waya wa mtandao."

"Mimi ni mzee wa kanisa, siongei mambo ya mizimu," akasema. "Naongea usafi. Kwenu huko mnachanganya mifugo yenu na ya watu wengine, ndiyo maana magonjwa hayaishi."

Niliingia stoo alasiri hiyo kuanza kuisafisha. Kesho yake kikombe changu cha chai hakikuwa kwenye sinia pamoja na vya wenzangu. Kilikuwa dirishani, peke yake. Mwalimu wa Kiingereza alicheka akasema, "Madam, umegusa mgonjwa, vumilia." Nikacheka, nikakichukua. Siku iliyofuata kilikuwa dirishani tena. Niliomba chaki kwa mwalimu aliyekaa karibu nami, akaisukuma mezani kwa ncha ya rula. Walikuwa wanatania? Nilipitia nyuso zao moja moja kichwani, kila usiku. Mtu akitania anakuangalia ili aone umeupokeaje utani wake. Hawa hawakuwa wananiangalia.

Kisha ikatangazwa kwamba wadhibiti ubora watakuja wiki inayofuata, na mkuu wa shule akaita kikao cha walimu juu ya maabara. Nilijiandaa. Nilichora michoro. Mwalimu wa taaluma hakuwa na mchoro. Alikuwa na maswali, na aliyauliza akiwa amekaa, mikono ndani ya koti.

"Mwalimu, umewafundisha watoto kwamba kompyuta zinazungumza kwa njia ya waya. Ndiyo au siyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Waya huo ndani yake kuna nini?"

"Shaba."

"Na waya wa umeme?"

"Shaba pia, lakini..."

"Kompyuta zote za maabara zimechomekwa kwenye ekstensheni moja?"

"Ndiyo."

"Sasa nijibu kwa kifupi. Inawezekana au haiwezekani habari za kompyuta kupita kwenye waya wa umeme?"

Mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu angesema haiwezekani. Ofisi nzima ilikuwa inasubiri neno hilo. Lakini nilikumbuka mhadhara mmoja chuoni Dodoma juu ya vifaa maalum vinavyochomekwa kwenye soketi ili kupitisha data kwenye nyaya za umeme za nyumba. Vipo. Kompyuta zetu hazina vifaa hivyo na hazingeweza kufanya hivyo kamwe. Lakini hakuuliza kuhusu kompyuta zetu. Aliuliza kama inawezekana. Nikisema haiwezekani nitakuwa nimesema uongo mbele ya kikao, na je, kama kuna mtu anajua?

"Inawezekana," nikasema, "ila kuna vifaa..."

"Amejibu," akasema mwalimu wa taaluma.

Kicheko kilikuwa kikubwa. Nilisema maneno mengi baada ya hapo, yote ya kweli, na hakuna aliyeyasikia. Mkuu wa shule, ambaye anakaribia kustaafu na hataki kitu chochote kiharibike mikononi mwake, akasema tusibishane, tuchukue tahadhari. Tahadhari yenyewe ikawa hii: nyaya zote za mtandao zitolewe, na kompyuta mbili zisiwashwe kwenye umeme mmoja kwa wakati mmoja. Maabara ile ina soketi moja inayofanya kazi. Kwa hiyo wanafunzi wangekuja, kompyuta moja ingewashwa, ingezimwa, kisha ingewashwa nyingine.

Nilitoka nikaenda nyuma ya choo cha wasichana, nikasimama pale mpaka kengele ikalia. Nilikuwa nimepoteza kazi kwa kusema ukweli ambao haukuhitajika. Na ubaya ni kwamba hata pale nyuma ya choo nilikuwa bado najiuliza kama nilieleza vizuri.

Jumamosi nilimfuata nyumbani kwake. Nilimkuta akiwakatia ng'ombe wake majani bandani. Nilimwamkia. Aliitikia bila kuacha kukata, wala hakunikaribisha ndani. Nilisimama kwenye matope.

"Umekuja kuwaangalia?" akasema, akionyesha ng'ombe kwa panga. "Nimewahesabu."

"Nimekuja kuuliza kitu, mwalimu. Nyumba ikitengwa, inatolewaje?"

Akaacha kukata. Nadhani alitegemea nije na michoro.

"Kwa nini unauliza?"

"Kwa sababu umeitenga seva lakini hujasema itarudi lini."

Alifikiri. Kisha akanieleza, kwa sauti ya darasani, akisahau kwa muda kunichukia. Muda unapita. Vitu vinasafishwa. Vile vilivyokuwa mbali na msiba vinaachiliwa kwanza, na nyumba yenyewe mwisho. Na hairudi kwa kuvamia. Inafunguliwa mlango mmoja, watu wakiona.

"Basi tufanye hivyo," nikasema. "Kila kompyuta ya maabara nitaifuta nipige mfumo upya kutoka kwenye diski mpya. Hakuna flashi. Zote zikishakuwa safi, hata zikikaa kwenye umeme mmoja hazina cha kuambukizana. Seva ibaki stoo. Stoo iko kwenye mita ya luku ya utawala, siyo ya madarasa, kwa hiyo umeme wake ni mwingine. Nitaisafisha mwisho. Halafu nitavuta waya mmoja tu wa mtandao kutoka stoo hadi maabara, na wewe ukiwa umesimama hapo."

"Mmoja."

"Mmoja."

"Na ukileta ugonjwa tena?"

"Nitaondoka."

"Utaondoka na basi la asubuhi," akasema. "Sitaki nikuone ukiaga watu." Akaendelea kukata majani.

Nikarudi nikiwa nimekasirika kuliko nilivyokuja. Nilikuwa nimepata nilichotaka, kwa kuongea kama vile umeme kweli unaambukiza. Je, huo haukuwa uongo mkubwa kuliko ule niliokataa kuusema kwenye kikao? Nimelifikiria sana jambo hilo. Kila nilichomwahidi kilikuwa sahihi kitaalamu. Sikumwambia tu kwamba nusu yake haikuhitajika.

Mkuu wa shule aliposikia kwamba mwalimu wa taaluma amekubali, naye akakubali. Siku zilizobaki nilifuta na kupiga mfumo, kompyuta baada ya kompyuta, kila iliyokuwa safi nikairudishia waya wake wa mtandao hadi kwenye swichi. Wanafunzi walichimba mfereji kuvuka uwanja ili waya upite ndani ya bomba, usikanyagwe na ng'ombe wanaokatiza pale. Mwalimu wa taaluma aliupima mfereji kwa kiwiko chake, akasema kina hakitoshi, wakachimba tena. Niliogopa umbali, kwa sababu waya wa namna hii hautakiwi kuzidi mita mia moja, ukizidi ujumbe unafika umechoka au haufiki. Nikaupima uwanja kwa kamba. Haukuzidi. Nikaupima tena.

Nilipobana vichwa vya ule waya alisimama nyuma ya bega langu. Mikono ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi na nyuzi zilikuwa zinanikwepa.

"Unatetemeka," akasema.

"Ni baridi."

"Kwenu hakuna baridi. Rudia, bluu imetangulia kijani."

Niliangalia. Nyuzi zangu zilikuwa sawa: nyeupe ya kijani, kisha bluu. Alikuwa anapima kama nitayumba.

"Ndivyo inavyotakiwa," nikasema, nikabana. Taa ndogo za kijani kwenye swichi zikaanza kupepesa. Alizitazama taa hizo kwa muda, kisha akaenda kufunga stoo kwa kufuli lake.

Wadhibiti ubora walikuja wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana aliyekuwa anapiga picha. Mama alimwambia mwanafunzi aandike barua fupi kwenye kompyuta ya mwisho, aihifadhi, kisha akamhamisha hadi kompyuta ya mlangoni aifungue. Ikafunguka. Akauliza seva iko wapi. Tukavuka uwanja. Kufuli likafunguliwa, akaingia, akatazama meza, kiti, ile kompyuta iliyo peke yake.

"Hii nimeipenda," akasema. "Shule nyingi seva iko hapo hapo kwa wanafunzi, kila mtu anaigusa. Nyie mmeiweka chumba chake, umeme wake, na kufuli. Nani alibuni?"

Mkuu wa shule alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nilifungua mdomo, na nilichokuwa naenda kusema ni kwamba si mimi, ila sababu zake hazikuwa hizo. Lakini ni nani angeelewa sentensi kama hiyo?

"Ni utaratibu wetu," akasema mwalimu wa taaluma.

Mama akaandika. Na ilikuwa kweli.

Siku chache baadaye niliitwa ofisini. Mkataba ulikuwa mezani, wa mwaka mmoja, na yeye ameketi pembeni. Niliusoma. Msimamizi wa maabara alikuwa yeye. Mimi nilikuwa mwalimu wa somo chini yake. Hilo nililitegemea. Chini kabisa palikuwa na kipengele kinachosema nitafuata maelekezo yote ya msimamizi kuhusu kutengwa kwa vifaa na kwa watumishi waliovigusa.

Nilikisoma tena, na tena. Mkuu wa shule akakohoa.

"Binti, saini. Wengine wanaitafuta kazi hii."

"Vifaa, sawa," nikasema. "Watumishi, hapana. Mimi sisaini kwamba nitengwe."

"Hayo ni maneno ya karatasi tu."

"Kikombe changu kiko dirishani mpaka leo, mkuu. Hilo si la karatasi."

Sauti ilinitoka juu kuliko nilivyokusudia. Niliona bahasha yangu, baba yangu, wageni wake. Niliona basi la asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu nifike Tlawi sikuongeza sentensi nyingine ya kueleza ile iliyotangulia.

Mkuu wa shule alimtazama mwalimu wa taaluma. Mwalimu wa taaluma alinitazama mimi, akauvuta mkataba, akachukua kalamu kwenye mfuko wa koti, akakata maneno manne, "na kwa watumishi waliovigusa", kwa mstari mmoja mnyoofu kama anasahihisha insha. Akaweka saini yake pembeni ya mstari. Akaurudisha kwangu bila kuuinua mezani.

"Mtu wa huko chini tambarare ana kichwa kigumu," akamwambia mkuu wa shule, kana kwamba mimi sipo. "Afadhali akae tumwone."

Nikasaini. Hakunipa mkono, na mimi sikuutoa wangu. Nilimwomba ufunguo wa maabara kwa sababu kidato cha tatu walikuwa wanasubiri. Aliutoa, akauweka juu ya meza, nikauchukua, nikaenda kufundisha.